Sentensi Moja, Maana Moja: Kuandika kwa Uwazi kuhusu Wanafunzi wa Kubadilishana katika Hospitali za Pwani ya Mtwara

“Mwanafunzi wa daktari aliyetoka Ujerumani atawapima wagonjwa leo.” Tangazo kama hili linaweza kubandikwa kwenye mlango wa wodi yoyote, na hakuna kosa la sarufi ndani yake. Hata hivyo, mgonjwa anayelisoma anabaki na maswali matatu. Aliyetoka Ujerumani ni mwanafunzi au ni daktari? Huyo “mwanafunzi wa daktari” ni mtu anayesomea udaktari, au ni mtu anayefuatana na daktari fulani ili ajifunze kwake? Na je, mgonjwa asiyetaka kupimwa na mwanafunzi anaruhusiwa kukataa? Maneno manane yameandikwa, lakini jambo ambalo mgonjwa alihitaji kulijua zaidi halimo.

Kila mwaka wanafunzi wa fani za afya huvuka mipaka ili kujifunza katika hospitali za nchi nyingine. Wengine hupitia mikataba ya vyuo viwili. Wengine hupitia Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wanafunzi wa Udaktari, lililoanzishwa mwaka 1951. Kusini mwa Tanzania, hospitali za misheni za Ndanda, mkoani Mtwara, na Nyangao, mkoani Lindi, zimezoea kupokea wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya. Ziara hizo huzaa maandishi mengi: barua za utambulisho, matangazo, fomu za ridhaa, maelezo katika mafaili ya wagonjwa na ripoti za mwisho. Maandishi hayo yakiwa na utata, gharama yake humfikia mgonjwa. Makala hii inaeleza utata huo unatokana na nini katika Kiswahili, na namna ya kuuondoa.

Kwa nini sentensi sahihi huwa na utata

Kiswahili kina nyenzo nzuri ya kuzuia utata, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Mtu akisema “faili la mgonjwa lililopotea,” kila msikilizaji anajua kwamba kilichopotea ni faili. Akisema “faili la mgonjwa aliyepotea,” inajulikana kuwa aliyepotea ni mgonjwa. Kiambishi kinaonyesha njia.

Nyenzo hiyo hushindwa pale majina mawili yanapokuwa ya ngeli moja. Mwanafunzi, daktari, muuguzi, mgonjwa, mama na mtoto wote huchukua kiambishi kilekile. Kwa hiyo “mwanafunzi wa daktari aliyetoka Ujerumani” haiwezi kufumbuliwa kwa sarufi peke yake. Maandishi ya hospitali yanahusu watu zaidi ya vitu, na ndiyo maana utata wa aina hii hujitokeza humo mara nyingi.

Mfano mwingine ni huu: “Mwanafunzi alimweleza mgonjwa kwamba anatakiwa kurudi kliniki Jumatatu.” Anayetakiwa kurudi ni nani? Aliyekuwepo wakati wa mazungumzo anajua. Muuguzi wa zamu inayofuata, anayelisoma faili usiku, hajui. Dawa yake ni kulirudia jina badala ya kuliachia kiambishi: “Mgonjwa anatakiwa kurudi kliniki Jumatatu. Mwanafunzi amemweleza hivyo.” Kurudia neno huhesabiwa udhaifu katika insha za shuleni. Katika faili la mgonjwa, kurudia neno ni usalama.

Neno “na,” neno “wote,” na kauli ya kutendea

Maneno mafupi ndiyo yanayopotosha zaidi. Sentensi “Wanafunzi walichanjwa na wauguzi” ina maana mbili. Huenda wauguzi ndio waliotoa chanjo. Huenda wauguzi nao walichanjwa pamoja na wanafunzi. Anayeandaa orodha ya watu waliokwisha kupata chanjo anaweza kuwahesabu au kuwaacha wauguzi wote kwa sababu ya neno lenye herufi mbili. Mwandishi makini huchagua moja kati ya hizi: “Wauguzi waliwachanja wanafunzi,” au “Wanafunzi, pamoja na wauguzi, walichanjwa.”

Kikanushi pamoja na neno “wote” huleta utata wa namna hiyo. “Wagonjwa wote hawakupimwa na wanafunzi” inaweza kumaanisha kwamba hakuna hata mmoja aliyepimwa, au kwamba baadhi tu ndio waliopimwa. Kiswahili kina njia ya wazi kwa kila maana: “Hakuna mgonjwa aliyepimwa na wanafunzi,” au “Si wagonjwa wote waliopimwa na wanafunzi.”

Kauli ya kutendea nayo hubeba mizigo mingi. “Mwanafunzi alimwandikia daktari dawa.” Je, daktari alikuwa mgonjwa na mwanafunzi akamwandikia dawa ya kutumia? Au mwanafunzi aliandika cheti cha dawa kwa niaba ya daktari? Tofauti hiyo si ya lugha tu. Mwanafunzi aliye mafunzoni hufanya kazi chini ya msimamizi, na maandishi lazima yaonyeshe nani aliamua na nani aliandika: “Daktari aliamua dawa ya mgonjwa. Mwanafunzi aliiandika kwenye cheti, na daktari akatia sahihi.”

Kauli ya kutendwa humficha mtenda kabisa. Ripoti nyingi za ziara huwa na sentensi kama “Ilionekana kuwa dawa hazikutolewa kwa wakati.” Nani aliona? Nani alipaswa kutoa? Dawa hazikuwepo, au zilikuwepo na zikacheleweshwa? Msomaji aliye ng’ambo atadhani wauguzi walizembea. Msomaji wa wodini atajua kwamba muuguzi mmoja alikuwa na wodi nzima peke yake. Sentensi iliyo wazi humtaja mtenda na sababu, hata kama sababu hiyo haipendezi kuandikwa.

Saa sita zinazopotea

Hatari kubwa kuliko zote imo katika saa. Waswahili huhesabu saa za mchana tangu asubuhi na saa za usiku tangu jioni. Mgeni huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa sita, na mgonjwa anaweza kuzipoteza bila mtu yeyote kugundua.

Dawa mseto ya malaria ya artemetha na lumefantrini, inayojulikana kwa jina la ALu, iliingizwa katika mwongozo wa tiba wa Tanzania mwaka 2006. Mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Zinazofuata humezwa asubuhi na jioni katika siku ya pili na ya tatu. Mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza saa 2 asubuhi anapaswa kumeza ya pili saa 10 jioni. Mwanafunzi mgeni aliyejifunza namba za Kiswahili, lakini hajajifunza saa za Kiswahili, ataandika “saa 4,” kwa sababu saa yake ya mkononi inaonyesha nne. Mgonjwa atasoma saa 4 asubuhi, yaani saa mbili tu baada ya dozi ya kwanza, au saa 4 usiku, yaani saa kumi na nne baadaye. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sahihi.

Neno “kutwa” linahitaji uangalifu uleule. Kwa msemaji mzoefu, kutwa ni mchana, tangu asubuhi hadi jua linapokuchwa, usiku una neno lake, “kucha.” Maelekezo ya “vidonge 4 kutwa mara 2” yanaweza kumfanya mzee amalize dozi zote mbili kabla ya magharibi. Maelekezo ya siku ya pili na ya tatu yakiandikwa hivi hayana utata: “Meza vidonge 4 saa 2 asubuhi. Meza vidonge 4 saa 2 usiku. Kila mara, kula kwanza chakula chenye mafuta au kunywa maziwa.” Katika faili, ambalo husomwa na wenyeji na wageni, saa iandikwe kwa hesabu ya saa 24: 08:00, 16:00, 20:00. Katika karatasi ya mgonjwa, iandikwe saa ya Kiswahili pamoja na neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Mahali na viungo vya mwili

Majina ya mahali huonekana kuwa wazi mpaka mtu atakapoyahitaji. “Mgonjwa ametoka Ruvuma.” Ruvuma ni mto, na Ruvuma ni mkoa ambao makao yake makuu ni Songea. Mto huo humwaga maji yake baharini katika Mkoa wa Mtwara, mbali sana na Songea. Mgonjwa wa kuharisha aliyetoka kijiji cha karibu na maingilio ya mto, akiandikwa tu kuwa ametoka Ruvuma, anaweza kutafutwa katika mkoa usio wake, huku kisima alichokinywea kikiendelea kutumika.

“Mtwara” nayo ni mkoa na ni mji. Mwanafunzi anayeandika kwamba alifanya mafunzo Mtwara, ilhali alikuwa Ndanda wilayani Masasi, amesema kweli, lakini msomaji atamdhania alikuwa mjini, karibu na bandari na hospitali ya Ligula. “Ng’ambo” ina mambo yake. Kwa mkazi wa Mtwara mjini, ng’ambo inaweza kuwa Msangamkuu, upande wa pili wa maji, panapofikiwa kwa kivuko. Kwa mkazi wa kando ya Ruvuma, ng’ambo ni Msumbiji. Kwa mtu mwingine, ng’ambo ni Ulaya. Iandikwe kijiji, kata na wilaya. Na kama mgonjwa amevuka mto, itajwe nchi.

Mwili nao una majina yanayopishana kati ya lugha. Mguu kwa Kiswahili huanzia juu ya paja hadi vidole. Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja la sehemu ya juu na jingine la sehemu ya chini ya kifundo. Mkono nao huanzia begani hadi vidoleni. Katika pwani hii, ambako matende na mabusha ni maradhi yanayofahamika, “mguu umevimba” haitoshi. Umevimba mguu upi, tangu wapi hadi wapi, kwa muda gani? “Mguu wa kulia umevimba kuanzia vidole hadi chini ya goti kwa miezi mitatu” ni sentensi inayoweza kulinganishwa na mguu huohuo mwezi ujao.

Funzo la Nyanda za Juu za Makonde

Faida ya kulisikiliza neno la mgonjwa ilidhihirika katika mkoa huuhuu. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo iliwapata watu wengi katika Nyanda za Juu za Makonde. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha taarifa za mlipuko huo mwaka 1955. Dalili zake zilifanana na za homa ya dengi, na ingekuwa rahisi kuuandika ugonjwa huo kwa jina lililokwisha kujulikana. Lakini wenyeji walikuwa na neno lao: chikungunya, linalotokana na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kupinda au kukunjamana. Neno hilo lilieleza jambo moja mahususi, yaani namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Liliandikwa, likahifadhiwa, na leo linatumika duniani kote kuutaja ugonjwa huo na virusi vyake.

Kisa hicho kina upande wa pili. Maandishi kadhaa ya kigeni yamelitaja neno hilo kuwa la Kiswahili, au yamelipa maana zisizokuwa zake. Lugha ya mgonjwa ilichanganywa na lugha ya mkalimani. Kosa kama hilo linaweza kutokea leo pia. Mzee wa Msimbati anaweza kueleza maumivu yake kwa Kimakonde. Mjukuu akayatafsiri kwa Kiswahili. Mwanafunzi akayaandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo neno muhimu la mgonjwa liandikwe kama alivyolitamka, itajwe lugha yake, kisha ifuate tafsiri. Na faili lionyeshe nani alitafsiri, kwa maana kuna mambo ambayo mgonjwa hayasemi mbele ya mjukuu wake.

Je, ni kubadilishana kweli?

Kitenzi “kubadilishana” kina kiambishi kinachoonyesha kwamba jambo linakwenda pande zote mbili. Wanaobadilishana zawadi wote wawili hutoa, na wote wawili hupokea. Mpango unaoleta wanafunzi wanne kutoka Ulaya kila mwaka, na usiompeleka Ulaya hata mwanafunzi mmoja wa Kitanzania, haujafikia maana hiyo. Uitwe kwa jina linaloufaa: ziara ya mafunzo.

Jambo hili linahusu uwazi kama yale yaliyotangulia. Mwanafunzi wa Mtwara anayesoma neno “kubadilishana” katika tangazo ana haki ya kuuliza zamu yake ni lini. Ripoti iliyo wazi hujibu kwa hesabu: wangapi walikuja, wangapi walikwenda, nani alilipia nauli, na hospitali mwenyeji ilipata nini. Vifungu virefu vya aina ya “kufanyika kwa utekelezaji wa zoezi la upokeaji wa wanafunzi” huficha hesabu hizo. Vitenzi huzifichua: “Hospitali iliwapokea wanafunzi.”

Uwazi una mpaka: siri ya mgonjwa

Kuandika kwa uwazi si kuandika kila kitu. Mwanafunzi anayerudi kwao huandika ripoti, na wengine huweka picha katika mitandao ya kijamii. Katika kijiji kidogo cha pwani, maneno “mvuvi wa miaka sitini mwenye busha, anayeishi karibu na msikiti” yanatosha kumtambulisha mtu hata kama jina lake halikutajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni hii: yaelezwe maradhi kwa ukamilifu, na aelezwe mtu kwa kiasi kinachohitajika tu. “Mwanamume mtu mzima mwenye busha” inatosha kwa somo la tiba.

Tangazo lililoandikwa upya

Tangazo lililotajwa mwanzoni linaweza kuandikwa hivi:

*“Leo yupo wodini mwanafunzi wa udaktari kutoka Ujerumani. Bado hajawa daktari. Anajifunza chini ya usimamizi wa daktari wa wodi hii. Angependa kuzungumza nawe na kukupima. Unaweza kukubali au kukataa. Ukikataa, utaendelea kutibiwa kama kawaida.”*

Tangazo hili ni refu kuliko lile la kwanza, lakini kila sentensi ina jambo moja. Mgonjwa anajua mgeni ni nani, nani anamsimamia, anaombwa nini, na akikataa itakuwaje. Sentensi ya mwisho ndiyo inayoipa ridhaa maana yake. Mgonjwa anayeogopa kunyimwa matibabu hukubali kwa hofu, na kukubali kwa hofu si ridhaa. Kwa asiyejua kusoma, tangazo lisomwe kwa sauti, na kwa asiyesikia vizuri Kiswahili, lielezwe kwa lugha anayoielewa.

Namna ya kuyapima maandishi

Kabla ya kubandika tangazo au kufunga ripoti, mhudumu wa afya au mwanafunzi anaweza kujiuliza maswali haya:

1. Je, kila kitenzi kina mtenda anayejulikana?
2. Penye watu wawili katika sentensi moja, je, “a-” na “-ye” zinamhusu nani?
3. Je, neno “na” linaweza kusomwa kwa maana mbili?
4. Je, saa imeandikwa pamoja na neno la wakati?
5. Je, mahali pametajwa hadi kijiji, na kiungo cha mwili hadi upande?
6. Je, sentensi ina jambo zaidi ya moja? Kama ndiyo, ikatwe.

Kipimo cha mwisho kimo kwa msomaji mwenyewe. Kumwuliza mgonjwa “Umeelewa?” hakusaidii sana, kwa kuwa wengi hujibu “Ndiyo” kwa heshima. Swali bora ni hili: “Naomba unieleze kwa maneno yako mwenyewe: dawa hii utaimeza lini?” Akikosea, kilichopimwa ni maelezo, si akili yake, maelezo ndiyo ya kurekebishwa.

Mgonjwa naye ana maswali anayostahili kuyauliza bila woga: Wewe ni daktari au ni mwanafunzi? Nani anakusimamia? Nikikataa, nitatibiwa? Maelezo yangu yatapelekwa wapi? Mwanafunzi aliyeandaliwa vizuri, awe ametoka Ujerumani au Dar es Salaam, ataweza kuyajibu yote manne kwa sentensi fupi. Asiyeweza kuyajibu amrudie msimamizi wake kwanza, kabla hajamgusa mgonjwa.